Tume ya Kuchunguza Pipa la Babu

Kwa mamlaka niliyopewa na elimu yangu ya shule ya bweni, na kwa kuzingatia uzito wa jambo lenyewe, nilisimama juu ya ngazi ya ghala la chini siku ya Ijumaa Kuu, nikakohoa mara mbili, nikatangaza kuundwa kwa Tume Huru ya Kuchunguza Pipa la Marehemu Babu, mimi Evasio nikiwa mwenyekiti, katibu na mjumbe pekee. Nilisema tume haitamwogopa mtu wala kumpendelea mtu. Nilisema ukweli utajulikana, hata kama utauma.

"Umevaa soksi za nani?" bibi akauliza.

Nikatazama chini. Moja ilikuwa yangu. Nyingine ilikuwa ya shangazi.

"Shuka huku ushike taa," bibi akasema. "Na ufute viatu kwanza. Kila ukitoka shule unaniletea changarawe za uwanja wenu mpaka kitandani."

Hilo lilikuwa kweli. Uwanja wa shule yetu umemwagwa changarawe nyekundu, na changarawe hizo hujipenyeza kwenye nyayo za viatu na mikunjo ya suruali. Bibi huzifagia likizo nzima, akiwaita watakatifu mmoja mmoja waje wajionee. Nikafuta viatu. Tume ikashuka ngazi imeshika taa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: mvinyo ulikuwa umepanda.

Mtu asiyelala juu ya mapipa anaweza kuona hilo si kitu. Kwetu ni sawa na kusema maiti ameamka akaomba kahawa. Mvinyo ndani ya pipa hushuka. Mbao hunywa kidogo, hewa hunywa kidogo, na nafasi tupu huongezeka chini ya kizibo; ukiiacha hivyo, unaamka siku moja una siki. Kwa hiyo mapipa mengine yote hujazwa kwa mvinyo wa mwaka uleule uliowekwa akiba. Pipa la babu halina akiba. Ni pipa dogo la mvinyo mtamu, wa zabibu alizozitundika mwenyewe darini mpaka Februari, zikakunjamana kama uso wa bibi (maneno ni ya babu, si yangu), akazikamua, akaziba pipa, akafa kabla ya Pasaka ya mwaka jana. Hakuna mvinyo mwingine duniani uliotoka kwenye mikono ile mwaka ule. Jirani mmoja aliposhauri liongezwe tone la mwaka mwingine, bibi alimjibu kwamba mume wake hachanganywi na mtu.

Badala yake anatia mawe. Ndivyo walivyofanya wazee wa vilima vyetu walipokosa mvinyo wa kujazia. Ni mawe meupe ya kijito, laini, madogo kuliko mayai ya njiwa. Bibi huyachemsha kwenye sufuria ya ugali, huyakausha, huyaweka kwenye beseni kando ya pipa na kuyafunika kitambaa. Mvinyo ukishuka, unadondosha jiwe moja, unadondosha jingine, mpaka ufike kwenye alama. Hewa inakosa mahali pa kukaa. Na babu anabaki babu peke yake.

Tangu mavuno, kazi ya kudondosha mawe ilikuwa ya Celso, mchumba wa shangazi Marcellina. Huo ndio ulikuwa mtihani wake. Celso hakuwa mtu wa vilima. Alitoka tambarare, kwenye majaruba ya mpunga, ambako watu huzaliwa, huoa na huzeeka maji yakiwa magotini. Bibi hakuwa na neno juu ya sura yake wala juu ya tabia yake. Neno lake lilikuwa moja: mtu aliyezoea kufungulia maji kila asubuhi, mkono wake unaweza kusahau uko wapi.

"Nitakupa ufunguo wa ghala," alimwambia wakati wa mavuno. "Kila Jumamosi uje ulitazame pipa la baba yake Marcellina. Likifika Pasaka salama, mtakunywa harusini. Lisipofika, rudi kwenye vyura wako."

Celso akaja kila Jumamosi, kwa baiskeli, mvua na theluji. Pipa lilikuwa lifunguliwe Jumatatu ya Pasaka, na harusi iwe Jumapili inayofuata. Na sasa, Ijumaa Kuu, bibi alikuwa amechovya kijiti chake cha kupimia, na mvinyo ulikuwa umepita alama kwa upana wa kidole. Kitambaa kilichozungushwa kwenye kizibo kilikuwa kimelowa.

"Labda umechemka tena," akasema shangazi Marcellina, ambaye alikuwa ameshuka na unga mikononi. "Ni majira ya kuchipua, mama. Mizabibu ikiamka, na mvinyo huamka."

Bibi akalaza sikio kwenye pipa. Sote tukanyamaza. Kengele za kanisa zilikuwa zimefungwa tangu Alhamisi kwa ajili ya mateso ya Bwana, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kimya, na hata paka aliacha kujilamba.

"Ungekuwa umechemka, ungenong'ona," bibi akasema. "Huu hausemi kitu. Huu umenyamaza kama mtu aliyefanya jambo."

"Basi ni mawe. Celso ametia mengi."

Bibi akafunua beseni. Mawe meupe yalikuwa yamejaa, kama alivyoyaacha. Akafunika. Akanyanyua uso, na tukajua anachotaka kusema kabla hajakisema, kwa sababu katika nyumba ya mvinyo kuna neno moja ambalo watu hawalitamki ndani ya ghala.

"Maji," akasema.

"Mama!"

"Pipa halizai, Marcellina. Kilichoongezeka kimetiwa. Ufunguo mmoja uko shingoni mwangu. Mwingine anao mtu wa mpunga."

Ninapaswa kueleza hapa, kwa faida ya kumbukumbu za tume, kwamba ufunguo wa bibi haukai shingoni mwake siku zote. Akienda kuungama huuacha nyuma ya mlango wa jikoni, kwa sababu anaona aibu kupiga magoti mbele ya Mungu huku amefungia watu. Alikwenda kuungama Jumatano alasiri, siku niliyofika kutoka shule. Tume iliona habari hiyo haina uzito, na haikuitaja.

*

Celso alifika Jumamosi, akaegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia. Ni mtu mrefu, mwenye shingo nyembamba na mikono mikubwa, ambaye husubiri kidogo kabla ya kujibu, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kukanyaga. Bibi alikuwa amekaa mlangoni mwa ghala kwenye kiti cha jikoni.

"Lete mikono," akasema.

Celso akampa. Bibi akainusa, wa kulia kisha wa kushoto.

"Unanuka tope."

"Nimetoka kutengeneza tuta, mama."

"Tuta la nini?"

"La kuzuia maji."

"Kuzuia au kupitisha?"

"Inategemea upo upande gani wa tuta," Celso akasema.

Mimi nilicheka. Bibi hakucheka. Akamwambia habari yote: kijiti, alama, kitambaa kilicholowa. Celso akasikiliza mpaka mwisho, masikio yakimwiva.

"Mama, Jumamosi iliyopita ulikuwa kwenye alama. Sikudondosha jiwe hata moja, halikuhitajika. Maji sijatia. Sijatia hata tone."

"Hakuna aliyesema wewe."

"Umeninusa mikono."

"Nimemnusa na paka," bibi akasema, na ilikuwa kweli. "Sikiliza, kijana. Kama babu ametiwa maji, hakuna harusi. Nimesema. Sitampa binti yake mtu aliyemwagia maji baba yake."

Shangazi Marcellina akatoka jikoni na mwiko.

"Mama, nina miaka thelathini na sita. Nimesubiri kuliko hilo pipa. Onja sasa hivi, tumalize!"

"Ni Kwaresima. Siweki mvinyo mdomoni mpaka Bwana afufuke."

"Basi onja kesho."

"Kesho ni siku yake, si siku ya kuhukumu watu. Jumatatu."

"Na ukionja Jumatatu, nani atakuamini? Ulimi wako umeshakasirika!"

Hapo mwenyekiti wa tume akaona nafasi ya kuingia. Nikapanda juu ya gogo la kupasulia kuni. Nikasema kwamba haki haitoshi kutendeka, lazima pia ionekane na jirani. Kwamba ulimi wa bibi ni wa upande mmoja, wa shangazi ni wa upande wa pili, wa Bwana Celso umezoea maji ya vyura. Kwamba tume inapendekeza atafutwe mwonjaji wa tatu, asiye na upande, mtu mzima, mwenye heshima zake.

Nilikuwa na mtu kichwani. Ni Bwana Prospero, mzee anayeandika mikataba ya mashamba, ambaye ulimi wake uliungua kwa tumbaku ya kutafuna miaka mingi iliyopita, na ambaye ukimpa siki atakwambia ni mvinyo mzuri. Angeonja, angesema "safi kabisa", angelala kitini, na kila mtu angekwenda nyumbani na amani yake. Nilitaka amani. Naomba hilo liandikwe kwa herufi kubwa.

Bibi akanitazama kwa muda mrefu, kitu ambacho sikukipenda.

"Mara ya kwanza tangu uzaliwe umesema neno la maana," akasema. "Nani kati yetu anaijua vizuri ladha ya mvinyo uliotiwa maji? Padri. Ndiye pekee anayetia maji kwenye mvinyo kila siku ya Mungu, tena kwa ruhusa. Nitamwita Padri Eusebio wa shuleni kwako. Baba yake alikuwa na mizabibu."

Nikashuka juu ya gogo.

"Bibi, Padri Eusebio ana kazi nyingi."

"Shule imefungwa."

"Ana mafua."

"Jumatano ulisema yuko mzima kama farasi."

"Farasi pia hupata mafua."

"Mbona umebadilika rangi?" bibi akauliza.

Nikamwambia ni njaa ya mfungo.

Alasiri hiyo tume iliendelea na kazi yake. Nilipendekeza mizigo yote ndani ya nyumba ipekuliwe, isipokuwa ya mwenyekiti, kwa heshima ya kiti. Nikapekua mfuko wa baiskeli ya Celso mbele ya bibi, nikakuta pampu, kipande cha mkate, na chupa ya maji. Niliinua chupa ile juu, taratibu. Bibi akaitazama. Shangazi akanitazama mimi, na kama macho yangekuwa mwiko, nisingekuwa hai kusimulia.

"Mtu hanywi maji njiani?" Celso akaniuliza baadaye, tulipobaki wawili uani.

"Tume haijasema kitu, Bwana Celso."

"Tume inasema sana." Alikuwa anafunga mfuko wake. "Nimefagia ghala leo. Nimefagia mpaka nyuma ya pipa."

"Hongera."

"Sakafu ya ghala ni udongo mweusi, umeona? Kitu cha rangi nyingine kinaonekana haraka."

Akanitazama, akasubiri kidogo kama kawaida yake, kisha akaingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu. Akapanda baiskeli, akashuka mteremko bila kugeuka. Nilisimama pale mpaka kengele zikafunguliwa na kijiji kizima kikaanza kupigiana kelele za furaha. Sikujua kama mtu yule amenitishia au ameniaga. Mtu wa mpunga huwezi kumsoma. Chini ya maji kunaweza kuwa na samaki, kunaweza kuwa na tope tu.

*

Jumapili ya Pasaka tulikula mbuzi mdogo, na bibi alinipa kipande cha mgongo, ambacho kwa kawaida ni cha baba yangu, mwanawe mkubwa, wakati kazi yake ya reli ikimruhusu kuja. Sikukifurahia. Bibi hatoi mgongo bila sababu.

"Kula, mwenyekiti," akasema. "Kesho una kazi."

Jumatatu Padri Eusebio akateremka kwenye basi la asubuhi akiwa mwekundu na mchangamfu, akabariki nyumba, paka, na mayai ya rangi yaliyobaki. Ni mtu mnene mfupi anayetufundisha Kilatini na kutusomea misa saa ya alfajiri. Zamani, yaani mpaka Krismasi, alikuwa mtu mkali kuliko wote shuleni. Mvinyo wa altare ambao mkuu wa shule humnunulia ni mweupe na mchungu kiasi kwamba alipoinua kikombe tuliona uso wake ukijikunja kama ngumi, na ngumi hiyo aliileta darasani. Tulilipa kwa vitenzi. Baada ya Krismasi akabadilika. Akaanza kutabasamu misani. Akasamehe makosa ya sarufi. Mimi mwenyewe alama zangu za Kilatini zilipanda kwa kiwango ambacho hata mama hakukiamini.

"Evasio wangu!" akasema, akinibana shavu. "Sema kitu kwa Kilatini, bibi asikie."

"Mea culpa," nikasema, kwa sababu ndicho kilichokuja.

"Mnaona!" akawaambia.

Tukashuka ghalani sote watano. Celso alikuwa amevaa koti lake jeusi la harusi, sijui kwa matumaini au kwa kuaga. Shangazi Marcellina alikuwa amesimama karibu naye bila kumgusa, mikono ameikunja ndani ya aproni. Bibi akachomoa kizibo, akaingiza mpira mwembamba, akavuta, akajaza glasi moja ndogo. Mvinyo ulikuwa na rangi ya asali ya msituni. Harufu ilipanda, na bibi akafumba macho kidogo tu, akafumbua. Ilikuwa harufu ya darini Februari, na sote tulijua ni nani aliyekuwa akipanda dari lile.

Akampa padri.

Padri akaonja. Akaonja tena. Akafunga macho, na tukaona koo lake likipanda na kushuka, na kisha, Mungu ni shahidi, chozi likamtoka jicho la kushoto.

"Maji?" bibi akauliza.

Padri akainua glasi kwenye mwanga wa taa.

"Padri, ni maji?"

Celso akachukua kofia yake juu ya pipa jingine. Aliishika kwa mikono miwili, kama mtu anayesikiliza jina lake likisomwa kwenye mazishi. Shangazi akasema "Subiri" kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, yeye ambaye huita kuku kutoka bonde la pili.

"Maji hakuna," padri akasema. "Hakuna hata tone. Huu ni mvinyo mzima, mama Desolina. Mumeo alikuwa msanii."

Shangazi akaachia pumzi. Celso akaanza kutabasamu, na mimi pia, na kwa sekunde moja nzuri sana tume ilikuwa imemaliza kazi yake.

"Isitoshe," padri akaendelea, akilamba mdomo, "ninaufahamu mvinyo huu. Nimeunywa kila alfajiri tangu Krismasi."

Nilihisi bibi akigeuka kabla sijamwona akigeuka, na hakugeukia kwangu. Aligeukia kwa Celso.

"Basi hukutia maji," akasema polepole. "Ulikuwa unaiba. Ulikuwa unamtoa mume wangu humu kwa chupa, unamuuza mjini, na kujaza mawe ya kwako ili nisione. Maji ningeweza kusamehe kabla sijafa. Haya siwezi."

"Mama, mimi—"

"Usiniite mama!"

Hapo ndipo mtu mwenye roho angesema. Nafasi ilikuwa kubwa, gari la ng'ombe lingepita na kugeuka. Nilifungua mdomo. Nikatazama kofia ya Celso ikizunguka mikononi mwake. Nikafunga mdomo. Nilijiambia kwamba tume haiwezi kutoa taarifa kabla ya ushahidi wote kusikilizwa.

"Lakini hakuna aliyeniuzia," akasema padri, akishangaa. "Mimi nilidhani mkuu wa shule ametubu dhambi zake akabadilisha muuzaji. Sikuuliza, niliogopa atarudisha ule wa zamani. Kichupa cha altare nakikuta kimejazwa tayari kwenye chumba cha sakristia."

"Kinajazwa na nani?" akauliza shangazi Marcellina.

Padri Eusebio akatabasamu kwa upendo usio na doa, akaniwekea mkono begani.

"Na mhudumu wangu wa misa. Huyu hapa. Mtoto mcha Mungu namna hii sijapata kumwona. Anaamka kabla ya kengele, hataki mtu amsaidie."

Macho yote yakaja kwangu, pamoja na ya paka.

"Tume," nikasema, na sauti ikapasuka katikati, "tume itahitaji kwenda kuchunguza sakristia. Inawezekana kuna mapipa mawili yanayofanana. Inawezekana mkuu wa shule—"

"Marcellina, lete mitungi," bibi akasema.

Wakatoa mvinyo wote, kwa mpira, kwenye mitungi ya kioo, bila haraka, bila kumwaga. Hakuna aliyeniambia niondoke na hakuna aliyeniambia nikae. Pipa lilipobaki na mawe tu, bibi akamwambia Celso alishike upande wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwambia kitu bila kumtazama kama mwizi. Wakaliinamisha juu ya beseni kubwa la kufulia. Mawe yakanguruma ndani, yakaanza kutoka kwenye tundu moja moja: meupe, meupe, meupe, yaking'aa kwa mvinyo.

Halafu nyekundu.

Halafu nyekundu nyingi, zikimwagika bila kukoma, changarawe ndogo zenye kona, ambazo hakuna kijito chochote cha vilima vyetu kilichowahi kuzilainisha. Zilijaa juu ya zile nyeupe. Bibi akainama, akaokota moja, akaigeuza kwenye mwanga wa taa. Alikuwa amezifagia kutoka vyumbani kwake likizo baada ya likizo. Hakuhitaji kuonja.

Celso akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake la harusi. Akatoa changarawe moja nyekundu, akaiweka juu ya nyingine bila kelele.

"Hii ilikuwa nyuma ya pipa," akasema. "Jumamosi."

"Ulikuwa nayo tangu Jumamosi?" shangazi akamrukia. "Mimi sijalala siku mbili! Kwa nini hukusema, we mwanaume?"

Celso akasubiri kidogo.

"Ningesema nini? Mtu wa mpunga anamsingizia mjukuu?" Akatazama chini. "Nilidhani atasema mwenyewe."

Bibi akavuta kiti cha jikoni, akakaa, akaweka changarawe yake juu ya goti.

"Haya, mwenyekiti," akasema. "Soma taarifa ya tume."

Nikakohoa mara mbili. Nikasema kwamba tume, baada ya kukaa vikao kadhaa na kuzingatia mazingira yote, imegundua kwamba. Nikaishia hapo. Nilijaribu tena kuanzia mwanzo, "baada ya kukaa vikao kadhaa", na nikagundua nimesahau lugha ile ya kwenye gogo, yote, kana kwamba mtu amechomoa kizibo.

"Ni mimi, bibi," nikasema. "Chupa mbili Krismasi, moja wakati wa kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, moja Jumatano ulipokwenda kuungama. Mawe ya beseni niliogopa kuyagusa kwa sababu unayajua, kwa hiyo nilileta changarawe za shule ndani ya soksi. Nilizichemsha, naapa, kama wewe. Jumatano nilisikia mlango wa uani nikamwaga zote kwa pamoja, ndiyo maana ukapanda. Sikunywa hata funda moja. Nilimpa padri ili atuonee huruma kwenye Kilatini."

"Oh," akasema Padri Eusebio, akakaa juu ya pipa.

"Ya Jumatano iko ndani ya sanduku langu, chini ya sweta. Haijafunguliwa."

Bibi alikuwa bado anasubiri, na nilijua anachosubiri, kwa sababu chupa hazikuwa jambo lenyewe. Nikamgeukia Celso. Kofia ilikuwa bado mikononi mwake.

"Na nilijua si wewe," nikamwambia. "Tangu Ijumaa nilijua. Niliona unachukua kofia kuondoka, na bado nilinyamaza."